Mama Kobe afyonza bwawa, lori la udongo likingoja getini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijamaliza kunawa uso, mwanamke wa makamo amepiga magoti ukingoni mwa bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba ya watu. Mikono yake imezama hadi kwenye viwiko. Anauzamisha mpira mrefu wa maji, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia begani. Kila mkunjo ukizama, viputo vinapanda juu. Yeye anavitazama tu. Visipoisha, hanyanyuki.

"Hewa ni mwizi," anasema bila kugeuka. "Ukimwacha mmoja ndani ya mpira, kazi yote ya asubuhi anaondoka nayo."

Viputo vinakoma. Anaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, anasimama, anashuka ngazi za zege kwenda ua wa chini, ambako mapipa ya buluu yamepangwa ukutani kama wageni waliowahi shughuli. Anauingiza mpira kwenye pipa la kwanza, anaachia kidole. Maji ya kijivu yanaanza kumiminika yenyewe, bila pampu, bila umeme, bila kelele.

Mwisho wa pili wa mpira umebaki bwawani. Umefungwa kwenye sahani pana ya plastiki yenye brashi fupi chini yake, na sahani imeshikizwa kwenye fimbo ndefu ya alumini. Anapanda tena, anaishika fimbo kwa mikono miwili, na sahani inaanza kutembea sakafuni mwa bwawa. Huwezi kusema anaisukuma. Anaiomba iende. Vumbi la kijivu lililolala chini linainama na kuingia ndani ya sahani bila kutimka.

Mtaani anaitwa Mama Kobe. Walinzi wa mageti ndio waliompa jina hilo, kwa dhihaka, walipomwona akizunguka mabwawa ya watu na fimbo yake: hatua moja, kituo, hatua moja, kituo. Yeye akalipokea kama zawadi.

"Kobe hajawahi kugonga mtu," anasema. "Wanaogonga watu tunawajua, na wengi wana madereva."

Vumbi analolifyonza leo ni maiti za ukijani. Wiki iliyopita maji haya yalikuwa na rangi ya chupa ya bia, na vyura walishahamia. Mama Kobe akaja na klorini yake, akamwaga kwa kipimo, akaondoka. Ukijani ukafa, ukazama, ukalala sakafuni kama unga uliochekechwa. Kuuua ni rahisi, anasema. Kazi ni kuuzika.

Na hapo ndipo penye ugomvi. Wenzake wengi wa kazi hii huunga mpira kwenye pampu. Ukipitisha maji kwenye tangi la mchanga ili yachujwe, unga huu ni laini mno. Unapenya mchangani na kurudi bwawani kupitia tundu la ukutani. Umeutoa mlangoni, umerudi kwa dirisha. Ukiamua kuyatupa maji mtaroni, pampu inayatapika kwa kasi, na bwawa linashuka shubiri nzima kabla hujamaliza nusu ya sakafu.

Zamani hilo halikuwa neno. Ulifungua bomba, ukajaza, ukaenda zako. Siku hizi bomba likifunguliwa linakohoa.

Wakubwa wa maji walitoa amri: uhaba umezidi, mabwawa ya majumbani yasijazwe. Sawa. Kamati ya wenye nyumba nayo ikatoa amri yake: bwawa lolote lenye maji machafu lisafishwe au lifukiwe kwa udongo, maana linazaa mbu. Sawa pia. Ila hakuna mkubwa hata mmoja aliyekaa akaziweka amri hizo mbili juu ya meza moja. Mtu anakufungia maji, kisha anakuuliza mbona hujaoga. Waliotia saini wana matangi marefu nyuma ya nyumba zao, lakini hilo halikuandikwa kwenye tangazo.

Kwa Mama Kobe, amri hizo zina hesabu. Mabwawa kumi na moja aliyokuwa akiyahudumia yamebaki manne. Mengine yamekuwa bustani, moja limekuwa maegesho ya gari.

"Kila bwawa likifukiwa, siku moja ya wiki inalala njaa nyumbani kwangu," anasema. "Mabinti zangu wawili wanasoma. Hawasomi kwa hewa."

Ndipo akaja na njia ya mapipa. Mpira mwembamba unaojivuta wenyewe, maji yakishuka kwa uzito wake kutoka juu kwenda chini, huchota polepole na hautishi vumbi. Maji machafu hayatupwi. Yanaingia mapipani, yanakaa, uchafu unatuama, na yale meupe ya juu yanachotwa na kurudishwa bwawani kupitia mifuko myembamba ya kuchujia. Mifuko hiyo huishona mumewe, fundi cherehani, kutokana na soksi ndefu za kike za nailoni anazonunua mitumbani kwa fungu. Wauzaji wamekwisha kumuuliza mke wake ana miguu mingapi.

"Huwa nawajibu ni mingi," anasema mume huyo, "ndiyo maana akitoka simpati."

Bwawa la leo si kubwa. Watu wazima wanne wakinyoosha mikono wanaligusa kwa upana. Lilichimbwa na marehemu mume wa mwenye nyumba, fundi mwashi, likizo baada ya likizo, ili watoto wake wasidharauliwe na watoto wa jirani. Watoto wakakua. Yeye akafa. Mazishini kamati ilikuja na shada la maua na hotuba. Mwezi uliofuata ikaleta ankara ya taka kwa jina la marehemu. Mtu akifiwa na mwenzake ndipo anapojua nyumba yake ina vyumba vingi kiasi gani, na chai ya mtu mmoja inavyochelewa kupoa.

Mjane wake ni mkunga mstaafu, na mtaa mzima unamwita hivyo, Bi Mkunga. Asubuhi hii amekaa barazani, fimbo mbili mapajani. Alivunjika nyonga mwaka juzi. Nchi kavu anatembea kama anayevuka daraja bovu. Wataalamu wa viungo walimwelekeza atembee ndani ya maji ya kifuani, kila siku, na akaanza kupona. Kisha maji yakafungwa, bwawa likageuka kijani, na miguu yake ikaanza kurudi nyuma.

"Majini mimi ni msichana," anasema. "Huku juu ndiko ninakozeeka."

Anampigia Mama Kobe kelele kutoka barazani. "Mwanangu, jicho unaliona?"

Jicho ni kifuniko chenye vitundu kilichoko kilindini, mahali maji ya bwawa yanapotolewa. Ndicho kipimo cha kamati: mkaguzi akisimama ukingoni asilione jicho, bwawa linahesabiwa chafu.

"Bado, mama. Naona kope tu."

"Kope zinatosha kuanzia."

Ukaguzi ni leo saa kumi alasiri. Mwenyekiti wa kamati atakuja mwenyewe. Jicho likionekana, bwawa linabaki. Lisipoonekana, linafukiwa leo leo, na Bi Mkunga atarudi kukaa kitini kutwa. Mwanawe wa kiume, mhasibu anayeishi naye, amekwisha kukubali kwa mdomo.

Si mtu mbaya huyo mwana. Amechoka tu. "Barua zinaandikwa kwangu," anasema, akifunga saa mkononi. "Vikao naitwa mimi. Mbu wakimuuma mtoto wa jirani, naulizwa mimi. Mama anaona bwawa. Mimi naona mashtaka."

"Mwambie akuonyeshe alikojifunzia kutembea," mama yake anadakia. "Ngazi ile ya tatu. Alikuwa ananing'inia kwenye kidole changu kama kufuli."

Mhasibu anaifungua saa, anaifunga tena.

Mapipa matatu yanajaa hivyo, kwa amani. Mama Kobe hahitaji kushuka kuyaangalia. Anasikiliza. Pipa tupu huongea, anasema, na pipa linalojaa hunyamaza kidogo kidogo, kama mgeni aliyeshiba. Likinyamaza analaza fimbo, anashuka, anaziba mpira kwa kidole, anauhamishia pipa la pili.

Yuko chini akihamisha mpira kwenda pipa la nne, kidole kimeziba, honi inapolia getini. Honi nzito, ya gari kubwa.

Ni lori la udongo. Saa tatu asubuhi, kwa ukaguzi wa saa kumi. Kamati ilishapata jibu kabla ya kuuliza swali.

Geti linafunguliwa. Lori linaanza kurudi nyuma uani, likilia pii, pii, pii, tairi za nyuma zikielekea kingo za bwawa. Na hapo Mama Kobe, mwanamke ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza, anakimbia. Anapanda ngazi mpira ukiwa mkononi, anafika juu, ananyoosha mkono kumzuia dereva.

Ni mkono ule ule ulioshika mpira.

Kidole kinaachia. Mpira umeinuliwa juu kuliko bwawa, umejaa maji machafu, na maji hayajui foleni, yanarudi yalikotoka. Yanashuka kwa nguvu, yanatokea kwenye sahani iliyolala sakafuni, na yanapuliza vumbi lote ambalo lilikuwa halijafyonzwa. Wingu la kijivu linapanda kutoka kilindini. Linatanda. Kabla lori halijasimama sawasawa, bwawa zima limekuwa maji ya kuoshea mchele.

Mama Kobe anautazama mpira mkononi mwake kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

"Mpira umetapika," anasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Miaka yote nawaambia watu usiinue mkia juu ya kichwa. Leo nimeinua mimi."

Mhasibu anakuja akiwa amekwisha kuvaa viatu vya kazini. Anatazama maji, anatazama lori. "Basi, mama," anamwambia Mama Kobe, si kwa ukali. "Umejitahidi. Tusipotezeane siku. Dereva, ingia."

"Ukaguzi ni saa ngapi?" Mama Kobe anauliza.

"Saa kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa tatu na kitu."

"Basi bado lina haki yake mpaka saa kumi. Hata mshtakiwa hangoji hukumu na kamba shingoni."

Dereva, mwanamume mnene mwenye taulo shingoni, amekwisha kushuka. Hana ubaya, ana haraka tu, ugonjwa wa watu wote wanaotumwa. "Mama, mimi siwezi kukaa na mzigo mpaka saa kumi. Nina kazi nyingine."

Ni hapo fimbo zinapogonga sakafu ya baraza. Bi Mkunga amesimama.

"Shikamoo, bibi," dereva anasema, akivua kofia.

"Marahaba, baba. Umekuja kuzika nini kwangu?"

"Bwawa, bibi. Nimetumwa."

"Bwawa halijafa. Wewe huwa unazika mtu anapumua?"

Dereva anamtazama mhasibu, mhasibu anatazama viatu vyake.

"Kaa hapo kwenye kivuli," Bi Mkunga anaendelea, "uletewe chai. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote na wanaume wenye haraka kama wewe. Wanazunguka nje, wanachungulia dirishani, 'Tayari? Tayari?' Hakuna hata mmoja aliyewahi kusaidia mtoto kutoka."

Dereva anacheka bila kutaka. "Mimi je, bibi, ulinizalisha wewe?"

"Hapana. Ungekuwa wewe, ungetoka kabla sijanawa mikono."

Akakaa. Chai ikaletwa. Mhasibu akapiga simu kazini kusema amepatwa na dharura ya nyumbani, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuwa anadanganya.

Kilichofuata ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo matajiri hawapendi kuilipia. Mama Kobe alipima maji kwa matone yake ya dawa, akaridhika na klorini. Akatoa kwenye mkoba jiwe la shabu, lile jeupe la kutakasia maji, akalisugua ndani ya beseni mpaka maji yakawa mazito. Akalizunguka bwawa akiyamwaga kwa kopo, kidogo kidogo, karibu na uso wa maji, bila kurusha tone. Kisha akapindua ndoo, akaikalia, mikono magotini.

Dakika zikapita. Akaendelea kukaa.

"Sasa unafanya nini?" mhasibu akauliza.

"Nangoja."

"Unangoja tu?"

"Ndiyo kazi yenyewe sasa hivi. Ukigusa, unaanza upya."

"Mtu anayelipwa kwa kungoja," dereva alisema akipuliza chai, "nilidhani ni wa ofisini peke yake."

Jani likaanguka majini. Mhasibu akauchukua wavu aliondoe. Mama Kobe akamnyooshea kidole bila kuinuka. "Liache. Hilo linaelea, halina kesi na sisi."

Ni vigumu kuwaeleza wanaotoa amri kwamba maji hayasomi matangazo. Yanatuama yakitaka. Mama Kobe anasema amewahi kufukuzwa nyumba mbili kwa sababu mwenye nyumba alichungulia dirishani akamkuta amekaa. Nyumba zote mbili walileta vijana wenye nguvu, wakasugua kwa brashi tangu asubuhi hadi jioni, na maji yakabaki maziwa wiki nzima.

"Nguvu ni nzuri kwa kubeba," anasema. "Vumbi halibebwi. Vumbi linabembelezwa."

Lakini leo, alipokuwa amekaa kwenye ndoo, alikiri kwamba roho yake haikutulia kama mikono yake. Alikuwa akimtazama Bi Mkunga barazani, jinsi anavyoinua mguu mmoja kwa mikono miwili ili aubadilishe mahali. Kama bwawa lingefukiwa kwa sababu ya ukijani, lawama ingekuwa ya waliofunga maji. Kama lingefukiwa kwa sababu ya kidole chake, angeibeba mwenyewe.

Baada ya sala ya adhuhuri, kivuli cha ukuta kilipoanza kuingia bwawani, maji yakaanza kuachana. Juu yakawa wazi, kiasi cha kiganja. Kisha kiasi cha mkono. Ngazi ya kwanza ikaonekana, ikafuata ya pili, halafu ya tatu, ile aliyojifunzia kutembea mhasibu. Mhasibu akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji ngazi.

Saa nane Mama Kobe akasimama. Sasa ukaja mtihani mwingine. Mpira ulikuwa na hewa tupu, na kuuzamisha tena bwawani mkunjo kwa mkunjo kungelitimua vumbi upya. Akauchomoa taratibu kwenye sahani, akashuka nao ua wa chini. Pipa la kwanza lilikuwa limekwisha kutulia, maji meupe juu, matope chini. Akayachota yale meupe akayahamishia pipa tupu, akauzamisha mpira wote humo, akangoja viputo viishe. Akaziba mwisho mmoja. Akatazama mwisho wa pili, akatazama kivulini.

"Wewe dereva, una kidole gumba?"

"Ninavyo viwili."

"Niazime kimoja."

Dereva akaja. Akaonyeshwa namna ya kuziba. Akaambiwa akae hapo chini, mkono usipande juu ya kiuno, hata kama nyumba inaungua.

"Na nikipiga chafya?"

"Piga. Kidole kisishiriki."

Mama Kobe akapanda na mwisho wake, akauteremsha majini taratibu kama anayeteremsha kikombe cha kioo kisimani, akauchomeka kwenye sahani chini ya maji. "Achia," akasema. Dereva akaachia ndani ya pipa. Maji yakashuka. Hakuna kilichotimka.

Kuanzia hapo bwawa lilikuwa lake. Alianzia upande wa maji mafupi akielekea kilindini, sahani ikilala sawa, kila mpito ukigusa nusu ya mpito uliotangulia, kama mtu anayepaka ukuta rangi na hataki kuona mchirizi. Kwenye mteremko alipunguza mwendo mpaka ungedhani amesinzia. Nyuma ya sahani vigae vya samawati vilitokea, mstari baada ya mstari, kama vile mtu anakunja blanketi kutoka juu yake. Dereva alihamisha mpira pipa hadi pipa, na baada ya pipa la pili hakuhitaji tena kuambiwa lini. Alikuwa amejifunza kusikiliza.

Mhasibu alivua viatu. Akavua na soksi, akaziweka ndani ya viatu kwa mpangilio wa kihasibu. Akachukua ndoo, akaanza kupandisha maji meupe kutoka mapipani, akiyamwaga kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa pembeni mwa bwawa.

"Kumbe una mikono," mama yake akamwambia alipopita.

"Nilizaliwa nayo. Wewe si ulikuwepo?"

Jicho lilionekana kabla ya saa kumi. Kwanza duara hafifu, kisha vitundu, kimoja kimoja, ukaweza kuvihesabu ukiwa umesimama.

Saa kumi ya mwenyekiti ilifika saa kumi na nusu. Saa za wakubwa ndivyo zilivyo. Alisimama ukingoni, mikono nyuma. Alitazama jicho, jicho likamtazama. Akatafuta kitu kingine.

"Jicho naliona," alisema. "Lakini maji yamepungua. Hayafiki kwenye kigae cha juu."

"Yamepungua vidole viwili, mwenyekiti," Mama Kobe alisema. "Yako kwenye mapipa mawili ya mwisho, yanatuama. Kesho asubuhi yatakuwa yamerudi nyumbani."

"Hakuna sehemu kwenye taratibu inayosema mapipa. Hili itabidi nilipeleke kwenye kikao. Kwa sasa, lori liendelee kama lilivyopangwa."

Wakati wanazungumza, kitu kiligonga kigae, mara mbili. Ni fimbo mbili zikilazwa chini. Bi Mkunga alikuwa amefika kwenye ngazi za bwawa na gauni lake, mkono mmoja kwenye chuma cha ukutani. Mwanawe aliacha ndoo akamwendea. Alichelewa. Mama yake alishakuwa ndani, maji yamempokea kiunoni, yakampokea kifuani.

Akaachia chuma.

Akatembea. Mguu wa kushoto, wa kulia, mabega yamenyooka, mikono ikifungua maji mbele yake kama pazia. Alifika upande wa pili, akagusa ukuta, akageuka, akarudi. Hakukuwa na fimbo, hakukuwa na mtu aliyemshika. Maji yalibaki angavu nyuma yake. Jicho lilionekana wakati wote.

"Mwenyekiti, karibu," alisema alipofika katikati, kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni sebuleni. "Kuna baridi kidogo, lakini utazoea."

Mwenyekiti akarudi hatua moja kutoka ukingoni.

Mhasibu alikuwa bado amesimama kwenye ngazi, suruali imelowa magotini. Tangu nyonga ivunjike alikuwa hajaona mama yake akipita hatua mbili bila kushika kitu. Muda wa mazoezi ya mama ulikuwa muda wa mwana kuwa kazini. Aligeuka.

"Dereva. Toa lori."

"Uamuzi ni wa kikao," mwenyekiti akasema.

"Kikao na kikae. Mama yangu anatembea. Barua andika kwangu, kama kawaida, nitaijibu mimi."

Lori likatoka. Ila udongo hauna kwao. Waliouuza hawaupokei, na dereva hakuwa tayari kulala nao. Alifika kona ya mtaa, penye shimo ambalo limevunja magari ya wenyeji na kujadiliwa na kamati vikao visivyo na idadi. Akarudisha nyuma, akaumwaga wote humo, akaukanyaga kwa tairi mara kadhaa mpaka ukalala sawa. Ilikuwa kazi ya kwanza ya maana iliyofanywa kwa fedha ya kamati mwaka huu, na hakuna mjumbe aliyeipitisha. Mwenyekiti alipita juu yake na gari akienda nyumbani. Halikuruka.

Jua linapoelekea kuzama, Mama Kobe anasuuza sahani na kuukunja mpira wake. Kidole gumba kimekunjamana kwa maji. Anasema bwawa hili amelipata, yamebaki manne na hayatapungua. Sasa anayataka yale ambayo bado hayajafukiwa. Amekwisha kuzungumza na wanawake wawili wanaofagia majani kwenye nyumba za jirani. Anataka kuwafundisha njia ya mapipa, ili kila penye barua ya kamati pawe na mtu mwenye mpira. Kikwazo ni usafiri. Mapipa huyabingirisha kwa mkono, moja moja, nyumba hadi nyumba, na mtaa una vilima.

Dereva amerudi kuchukua taulo lake alilolisahau kivulini.

"Jumatatu nimeagizwa nyumba ya geti jeusi, mtaa wa nyuma," anamwambia. "Nakupa habari tu. Mimi sijasema kitu."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Bwawa la geti jeusi nalijua. Lina kona moja ngumu, lakini linasikia. Nitakuwa pale tangu Jumamosi."

"Kwa hiyo nisije?"

Mama Kobe anautupia mpira begani. Anatembea hadi getini, hatua moja, kituo, anachungulia nje. Lori limeegeshwa kando ya barabara, ubao wa nyuma umeshushwa, limefagiliwa safi.

"Njoo Jumamosi," anasema. "Hapo nyuma yanaingia mapipa mangapi?"